Mtandao, Diski na Mashine za Nyumbani na Ofisi Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamelenga nyumba, duka la stationari, shule au ofisi yenye mashine mbili hadi kumi na tano hivi, nyingi zikiwa na Windows. Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: bisibisi ya nyota, mita ya umeme, flashi, na kebo moja ya mtandao unayojua kwa hakika kuwa ni nzima. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya. Ikizidi kuharibika, hutajua cha kurudisha.

Waifai inaonyesha imeunganika, lakini kurasa hazifunguki. Nianzie wapi?

Anzia karibu, uende mbali. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika `ipconfig`. Namba iliyo mbele ya "Default Gateway" ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Sasa piga amri tatu kwa mfuatano:

`ping 192.168.1.1` (weka namba ya ruta yako)
`ping 8.8.8.8`
`ping google.com`

Ya kwanza isipojibu, tatizo liko ndani kwako: waifai, kebo au ruta yenyewe. Usimpigie mtoa huduma bado. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, ruta haitoki nje: kifurushi kimekwisha, laini imekatika, au kifaa cha faiba hakipati mwanga. Mbili zikijibu na ya tatu ikagoma, intaneti unayo; kilicholala ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, weka DNS za 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kisha piga `ipconfig /flushdns` kwenye mashine. Zote tatu zikijibu na kivinjari bado kinakataa, tazama swali la saa huko chini.

Soma pia muda wa majibu. Kwa kebo, ruta hujibu ndani ya milisekunde 1 au 2. Kwa waifai nzuri, 2 hadi 10. Ukiona 3, 250, 8, 900 zinapishana hivyo, hewa imejaa makelele, na kununua kifurushi kikubwa zaidi ni kumwaga pesa.

Tumeongeza ruta ya pili ili waifai ifike nyuma. Tangu hapo baadhi ya mashine zinapata intaneti na nyingine hazipati.

Hili ndilo kosa linalorudi kuliko yote kwenye ofisi ndogo, na linachosha kwa sababu huja na kuondoka. Kila ruta ina huduma ya DHCP inayogawa anwani za IP. Ukichomeka ruta ya pili kwa tundu lake la LAN (la mashine za ndani) bila kuzima DHCP, nyumba inakuwa na wagawaji wawili. Mashine inayowashwa humsikiliza anayejibu kwanza. Ikipata anwani kutoka kwa ruta ya pili, inaambiwa njia ya kutokea nje ni hiyo ruta ya pili, ambayo yenyewe haina njia ya nje. Ukizima na kuwasha mashine, mara inapona, mara haiponi.

Kuthibitisha: piga `ipconfig /all` kwenye mashine nzima na kwenye iliyogoma, ulinganishe mstari wa "DHCP Server". Namba zikitofautiana, umempata mkosaji. Kuna mtego hapa: ruta mbili za chapa moja huja zote na 192.168.1.1, kwa hiyo namba itafanana ilhali vifaa ni viwili. Hapo piga `arp -a` kwenye mashine zote mbili ulinganishe anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) iliyo mbele ya 192.168.1.1.

Tiba ni hii. Chomoa ruta ya pili kwenye mtandao, iunganishe na laptopu peke yake kwa kebo, uingie kwenye mipangilio yake. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, au namba nyingine isiyogawiwa na ruta kuu. Zima DHCP. Hifadhi, iache iwake upya. Kisha peleka kebo kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya ruta ya pili, tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) ukiliacha wazi. Jina la waifai na nenosiri waweza kuyafanya yafanane na ya ruta kuu ili simu zihame zenyewe, lakini chaneli ziwe tofauti. Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo la "Access Point Mode" linalofanya yote haya kwa kubofya mara moja, ukiliona, litumie.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, hilo ni jambo jingine: mashine imeomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajipa ya kubuni. Kagua kebo, kisha `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`.

Na ikiwa ofisi nzima imezima ghafla, taa zote za swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) zikipepesa kwa kasi ileile, tafuta kebo iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo. Mfagiaji ameikuta inaning'inia akaona airudishe mahali pake. Swichi za bei nafuu hazina kinga dhidi ya hilo.

Nalipia Mbps 20 lakini faili linashuka kwa MB 2.4 kwa sekunde. Naibiwa?

Hapana. Mtoa huduma anahesabu biti, kompyuta inahesabu baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8: 20 inakuwa 2.5. Uko sawa. Pima kwa kebo kabla ya kulalamika.

Waifai haifiki chumba cha ndani.

Ukuta wa tofali za saruji ulionyooshwa kwa plasta hunyonya mawimbi, zege lenye nondo zaidi, na bati au kioo kikubwa huyarudisha. Ruta nyingi hutoa bendi mbili. GHz 5 ni ya kasi lakini hufifia baada ya ukuta mmoja au miwili, GHz 2.4 hupenya mbali zaidi, ila imebanana na waifai za majirani, vifaa vya Bluetooth na maikrowevu.

Hatua zisizogharimu kitu: itoe ruta nyuma ya televisheni na juu ya friji, iweke katikati ya nyumba kwa kimo cha bega au zaidi, antena zikiwa wima. Kwenye GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa kuwa hizo tatu hazigongani, na weka upana wa MHz 20. Anayechagua chaneli 3 akidhani anakimbia msongamano anajiletea wa pande zote mbili. Kwenye usalama weka WPA2 yenye AES, au WPA3. Ukibakiza WEP au TKIP, ambazo ni njia za zamani, kasi itakwama kwenye Mbps 54 hata ruta iwe mpya kiasi gani.

Yote hayo yakishindwa, vuta kebo hadi chumba hicho uweke ruta ya pili kama ilivyoelezwa juu. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi vingi hukata kasi karibu nusu, na watu huvichomeka chumba kilekile kisicho na mawimbi. Havina cha kurudia pale.

Kebo inafanya kazi, ila kasi haivuki Mbps 94 au 95.

Kiungo kimeshuka hadi Mbps 100. Kasi ya gigabiti inahitaji nyaya zote nane. Ya 100 hutumia nne tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, mtandao hauzimi, unapungua tu, na hakuna anayeshtuka. Angalia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, mstari wa "Link speed".

Kata plagi uifunge upya kwa mpangilio huu, kipini cha plagi kikiwa chini na ncha za nyaya zikielekea mbali nawe, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe hivyohivyo. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili likabwe. Kabla ya kubana, itazame plagi kwa mbele: uone vichwa vinane vya shaba vimegusa ukuta wa plastiki. Kimoja kikiwa kimebaki nyuma, toa, punguza nyaya zilingane, rudia.

Tahadhari na kebo za bei ya kutupa zinazoandikwa CCA. Ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua kwa wembe, ndani ni nyeupe. Hukatika zikikunjwa, hazifai kupeleka umeme wa kamera, na kwenye umbali wa mita 60 au 70 huanza kupoteza data. Shaba tupu hufika mita 100, na huo ndio mwisho. Zaidi ya hapo weka swichi katikati au tumia faiba.

Kifaa cha faiba kina taa nyekundu ya LOS.

Mwanga haufiki. Kagua kama ule uzi mwembamba umekunjwa kwa kona kali au umebanwa na mguu wa meza, unyooshe. Usichungulie ncha yake. Isipozima, ni kazi ya mtoa huduma. Kama kifaa kinakuonyesha nguvu ya mwanga, kati ya -8 na -27 dBm ni salama; -29 ni simu ya malalamiko.

Printa ya mtandao inapotea kila baada ya siku chache.

Imebadilishiwa anwani na DHCP, ilhali kompyuta bado inaitafuta kwenye anwani ya zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani (huandikwa "Address Reservation" au "Static DHCP"), oanisha MAC ya printa na anwani moja, mathalani 192.168.1.50. Zima na kuwasha printa, kisha iongeze upya kwenye mashine kwa kutumia anwani hiyo.

Nimeuziwa flashi ya TB 2 kwa bei ndogo mno. Picha za mwanzo zinafunguka, za baadaye hazifunguki.

Ni ya bandia. Ndani kuna chipu ya GB 16 au 32, na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya ukubwa. Windows inaamini inachoambiwa. Ukivuka uwezo halisi, mafaili yanaandikwa hewani au juu ya yaliyotangulia. Majina yanaonekana kwenye folda, ndani hamna kitu.

Ijaribu kabla ya kuiamini, na ikiwezekana kabla ya muda wa kurudisha dukani kupita. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux tumia f3write na f3read. Huijaza flashi yote kisha huisoma kulinganisha. Hesabu muda: GB 64 kwa kasi ya kuandika ya MB 10 kwa sekunde ni karibu saa moja na dakika hamsini, kabla ya kusoma. Iache usiku.

Kifaa halali nacho huonekana kidogo kuliko maandishi ya boksi: TB 1 husomeka GB 931, GB 500 husomeka 465. Hapo hakuna wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Flashi ina nafasi tele lakini inakataa filamu ya GB 5.

Imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, fomati kwa exFAT. Redio za gari na televisheni za zamani huenda zisiisome exFAT, basi weka flashi ya pili kwa ajili yao.

Mafaili yote kwenye flashi yamegeuka njia za mkato.

Kirusi kimeficha mafaili halisi. Usibofye njia yoyote ya mkato, ndiyo inayokieneza. Fungua cmd, na kama flashi ni herufi E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`. Folda zako zitajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili hati na picha tu, acha kila kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe, kisha fomati. Kompyuta uliyotumia nayo ichanganuliwe, maana flashi ikirudi hapo itaambukizwa tena. Kwenye mashine za kuchapishia za stationari ni heri kupeleka kazi kwa flashi isiyo na kitu kingine.

Kompyuta inaganda kwa dakika nzima, diski inatoa mlio wa kugonga. Nipige chkdsk?

Usipige. Amri hiyo hurekebisha mpangilio wa mafaili; haiponyi diski inayokufa, na kuilazimisha isome kila sehemu kunaweza kuimaliza. Kwanza toa data, ukianza na visivyopatikana kwingine: picha, hesabu, hati za wateja.

Kisha soma afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mistari ya kujali ni michache. 05, "Reallocated Sectors", ni sehemu zilizokwisha kufa na kubadilishwa. C5, "Current Pending", ni zinazosuasua kusomeka. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Thamani ghafi ikiwa 0 kote, afya ya bamba ni njema. C5 ikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski mpya, usisubiri programu iandike "Bad". C7 pekee ikipanda ilhali nyingine ni 0, diski huenda ni nzima: kebo ya SATA (inayounganisha diski na ubao mkuu wa mashine) imelegea au imechoka, na kebo ni bei ya soda mbili tatu.

Diski inayogonga kwa mfululizo na haionekani kabisa, zima. Kuipiga au kuiweka kwenye friza ni ngano. Kama bado inaonekana ila inasita, fundi aliyezoea Linux atainakili nzima kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu rahisi na kuzirudia ngumu mwishoni, kisha mafaili yanatafutwa kwenye nakala.

Nimefuta folda na kumwaga pipa la takataka. Itarudi?

Kwenye diski ngumu ya zamani, flashi au kadi ya kamera, uwezekano ni mzuri ukiacha kuitumia papo hapo. Tumia programu ya Recuva au PhotoRec, na uhifadhi kinachopatikana kwenye kifaa kingine. Kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) matumaini ni madogo: mfumo huiambia diski kupitia TRIM kwamba nafasi hiyo iko huru, nayo huifuta yenyewe.

Diski ya nje inalia tik-tik ikichomekwa, haionekani.

Mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliamperi 500, la USB 3.0 miliamperi 900, na mota ya diski ikianza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya 500. Tumia kebo fupi ya asili, chomeka moja kwa moja kwenye mashine, nyuma ikiwa ni ya mezani, bila kupitia haba (kigawanyi cha matundu ya USB).

Mashine inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi.

Hakikisha kwanza kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mkuu, ikiwa mashine ina kadi. Kisha shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine); inaongoza.

Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iishe, gusa chuma cha kasha. Toa RAM zote. Zitazame kwenye mwanga: meno ya dhahabu yakiwa na ukungu wa kijivu au madoa meusi, umepata chanzo. Pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Unguja, hewa ya chumvi huyafanya hivyo mapema. Safisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kifutio cheupe cha penseli nacho hufanya kazi, mradi ufute taratibu na kupangusa mabaki. Rudisha moja tu, uisukume hadi vishikio vilie. Washa. Ikigoma, ihamishie tundu la pili. Ikigoma tena, jaribu ya pili peke yake. Kwa njia hiyo utajua kama mbovu ni RAM au tundu.

Ukinunua nyingine, DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, pengo la meno liko mahali tofauti, usilazimishe. Na laptopu nyingi zinazotaka DDR3L ya volti 1.35 hazipokei DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, ingawa inaingia vizuri kabisa.

Saa inarudi nyuma kila nikizima, na tovuti zinasema si salama.

Betri ya CR2032 kwenye ubao imekwisha. Ikiwa nzima hupima volti 3 au juu kidogo. Chini ya 2.7 itupe. Tarehe ikiwa ya miaka iliyopita, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana bado havijaanza kutumika, ndiyo maana kivinjari kinakataa hata barua pepe. Badilisha betri, sahihisha tarehe, kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya Windows) uhakikishe mpangilio wa diski ya kuanzia haujabadilika.

Laptopu inachemka na kujizima.

Vumbi limeziba mapezi ya kipozeo, mbele ya feni, na halionekani bila kufungua. Puliza nje ya nyumba, feni ukiizuia isizunguke kwa kidole au kijiti. Mashine ya miaka minne au zaidi ipakwe pesti mpya kwenye prosesa, kiasi cha punje ya mchele. Nyuzi 60 hadi 80 kazini ni kawaida. Ikigusa 95 hujipunguzia kasi yenyewe kabla ya kuzima. Na usiitumie juu ya godoro.

Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Ninunue nini?

Kwa kompyuta ya mezani, UPS (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650 hubeba wati 360 hadi 390 hivi, na hukupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima. Si ya kufanyia kazi saa nzima. Printa ya leza isichomekwe upande wa betri. Ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS hulia na kujizima. Ndani kuna betri ya volti 12, Ah 7, ambayo kwenye chumba cha joto huisha nguvu ndani ya miaka miwili au mitatu. Badilisha betri, usitupe UPS.

Ruta ni rahisi zaidi: vipo visanduku vidogo vya betri vinavyotoa moja kwa moja umeme wa DC. Soma nyuma ya adapta ya ruta: volti lazima zilingane (12 kwa 12, 9 kwa 9), amperi ziwe sawa au zaidi, na alama ya chanya iwe katikati au nje kama ya asili.

UPS haizuii radi. Masika yakianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia kebo ya mtandao inayotoka nje kwenda kwenye antena au jengo la jirani. Tundu la LAN lililoungua kwa kawaida liliunguzwa kupitia kebo hiyo.

Nina pesa ya kitu kimoja: SSD au RAM?

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, SSD. Diski hizo hutoa MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu 550, na tofauti ya kutafuta mafaili madogo ni kubwa zaidi. Kama SSD ipo na Task Manager inaonyesha kumbukumbu iko asilimia 90 ukifungua kivinjari, ongeza RAM. Kabla ya kununua ile ya kibapa ya M.2, hakikisha tundu linapokea aina gani, NVMe au SATA, maana umbo ni karibu lilelile na moja huenda isisomwe kabisa.

Fundi anataka kuweka Windows upya. Nimpe nini kabla?

Usimpe mashine kabla hujanakili data mwenyewe kwenye diski ya nje na kufungua mafaili machache kutoka humo, kwenye kompyuta nyingine, kuona kuwa yanasomeka. Laptopu nyingi mpya huja zimefungwa kwa BitLocker (kifuli cha Windows cha data ya diski) bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake wa tarakimu 48 huwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ya kwanza. Uandike kwenye karatasi. Ubao ukibadilishwa au BIOS ikiguswa, mashine itauuliza, na bila huo hata diski nzima isiyo na kasoro haitafunguka.